Aitike Mwenyewe

Mlango ulifunguliwa bila hodi, wanafunzi wa udaktari wakaingia wakiwa wamevaa makoti meupe, wakajipanga kando ya kitanda alicholala Chanda bila nguo za chini. Hakuna aliyemsalimu. Daktari Nzanzu alikuwa akiwaonyesha kwa ncha ya kalamu huku akisema Kifaransa cha haraka, nao wakainama kutazama. Mmoja aliona kicheko kinamjia akajifanya anakohoa. Chanda aligeuza uso akatazama ukuta.

Mama yake, Martine, alikuwa amesimama upande wa kichwa, kikwembe cha mtoto kimekunjwa mkononi. Alingoja mtu aombe ruhusa. Alipoona hakuna anayewaza hata kuomba, alikitandaza kile kikwembe juu ya miguu ya mwanawe, kisha akakaa juu ya pindo lake ili asiwepo wa kukifunua.

"Mama, hatujamaliza," daktari alisema.

"Mie minamaliza, dokta. Bajitazame wao kwa wao."

Anaclet, baba wa mtoto, aliona haya mpaka masikio. Yeye ni wakala wa forodha pale mpakani Kasumbalesa, mtu aliyezoea kunyenyekea mbele ya wenye vyeo ili malori ya wateja wake yapite, na mkewe alikuwa amemjibu mwenye cheo kama anavyomjibu mpita njia sokoni. Wanafunzi walitoka mmoja mmoja. Chanda akavaa, akaambiwa akangoje kwenye ukumbi wa nje.

Hapo daktari akaanza kumweleza Anaclet kwa Kifaransa, na Anaclet akawa anatikisa kichwa kukubali. Martine alikatiza, akasema mtoto alikaa katika tumbo lake na tumbo hilo linasikia Kiswahili. Daktari Nzanzu, mtu wa Kivu ya Kaskazini ambaye hakuwa mbaya, alikuwa na haraka tu, akavua miwani na kuanza upya.

Chanda alikuwa na miaka kumi na mitatu. Alizaliwa, mkunga akatazama, akasema ni msichana, na msichana akabatizwa na kupelekwa shule ya masista. Tangu akiwa mdogo alikuwa akisema yeye si msichana, na kila mwanzo wa mwaka wa masomo sketi ya buluu ilikuwa vita. Watu walisema ni ukaidi. Mwaka huu wenzake wote walishaanza kwenda mwezini, yeye bado. Sauti ikaanza kushuka. Kisha siku moja, akiinua kapu la samaki la mama yake, uvimbe ukatokea kwenye kinena. Uvimbe huo ndio uliowaleta hospitali, na hospitali ikaona makubwa kuliko uvimbe. Pale ambapo wasichana wana vifuko vya mayai ya uzazi, daktari alisema, huyu ana viungo vya kiume ambavyo havikushuka.

Kuna wapasuaji wanakuja Jumatatu kutoka ng'ambo, akaendelea. Wanapasua bure, kisha wanarudi kwao hadi mwaka ujao. Vile viungo vitolewe, mtoto apewe vidonge vya kike vya kumeza maisha yote, sauti isimame hapo ilipo, abaki binti kama mnavyomjua. Hatazaa, lakini hakuna jirani atakayejua kitu. Alimtazama Anaclet. Hapa hospitalini kwetu, alisema, baba akikubali inatosha.

Neno "bure" lilikuwa limeshaukunjua uso wa Anaclet. Neno "jirani" likamaliza kazi.

"Tutakuya Jumatatu, dokta," akasema.

*

Habari haikungoja Jumatatu. Mmoja wa wale wanafunzi alikuwa na shangazi, shangazi akawa na mdomo, na kabla ya wiki kwisha ilikuwa imefika sokoni ambako Martine anauza samaki wakavu wanaotumwa na mama yake kutoka Kasenga. Mwanamke mmoja, mteja wa miaka yote, alisimama mbele ya meza, akachambua mafungu kwa kidole, akauliza kwa sauti ya kusikika kama samaki hawa ni majike au madume, maana siku hizi mtu hawezi kujua. Meza za jirani zikacheka.

Martine alitamani ardhi immeze. Lakini hakuinama.

"Apa iko samaki," alisema. "Unanunua ao unapita?"

Yule mteja akapita. Siku hiyo wengine pia walipita, na Martine alirudi mtaani kwao Katuba na kapu karibu lote. Nyumbani alimkuta wifi yake, Jeanne, amekaa kwenye kiti cha Anaclet.

Tusimwonee Jeanne. Hakujaliwa mtoto, na Chanda alikuwa kama wake. Karo za masista alizilipa yeye, na malaria ilipompiga Chanda alilala naye hospitali akimpepea. Alimpenda. Ila mapenzi yake yalikuwa ya kupanga, na siku hiyo alikuwa ameshapanga. Mwenye kosa alikuwa amempata pia: mama mzazi wa Martine, bibi Germaine wa Kasenga, aliyempa mtoto jina.

Kwa watu wa Luapula, mto wa kule Kasenga, jina la kuzaliwa halichaguliwi kwa utamu wake. Marehemu mmoja wa ukoo anarudi na mimba, wazee wanamtambua, mtoto anachukua jina lake. Kama marehemu alikuwa mwanamume na mtoto akazaliwa wa kike, hakuna anayeshangaa, jina linakaa. Basi Martine alipokuwa mjamzito, Germaine akamwota marehemu mumewe, mzee Chanda, dereva wa lori la samaki, yupo mlangoni anafuta miguu. Mtoto akaitwa Chanda. Kuanzia hapo Germaine akawa anamwita mjukuu "bwana yangu". Alimdai sukari. Alimlalamikia kwamba amemwacha na nyumba inayovuja na kurudi zake mjini kunyonya. Familia nzima ilivunjika mbavu, ndivyo bibi na wajukuu wanavyotaniana kule. Mtoto alipoanza kukataa sketi, kicheko kilikwisha.

"Ule mama yako njo aliharibu mutoto," Jeanne alisema. "Kila siku bwana yangu, bwana yangu. Mutoto anasikia, anaamini. Atoshe ile jina yake. Jumamosi atoshe jina, Jumatatu dokta atoshe ile ingine, mambo inaisha."

Martine alisema jina litolewe lisitolewe, ule uvimbe haukuletwa nalo. Jeanne alisema hakumuuliza. Anaclet alikuwa ameegemea mlango, akatazama simu yake, na kutazama simu huko ndiko kulikuwa kukubali kwake.

*

Siku iliyofuata, baada ya masomo, Chanda alikuja kumsaidia mama yake kupanga samaki uani. Alikuwa amevaa suruali ya zamani ya baba yake, ameikaza kwa kamba. Walipanga wakubwa kwa wakubwa, wadogo kwa wadogo. Martine alijua swali lipo njiani, na alitamani lipotee huko huko.

"Mama, Jumatatu banaenda kunikata?"

"Njo vile baba yako anasema."

"Na weye?"

Martine aliendelea kupanga samaki. Chanda aliweka samaki chini, akajifuta mikono.

"Nilikuambia tangu zamani mie siko sawa bale benzangu ba ku masomo. Ulisema nitazoea. Siyazoea. Kama dokta eko na sindano ya kunisaidia nikuwe mwanaume mbio-mbio, anipe iyo. Mais asinikate."

Ile sauti, iliyokuwa ikipanda na kuvunjika katikati ya neno, ilimwingia Martine mwilini. Aliogopa kisu. Akagundua kwamba sindano pia anaiogopa, kwa kiasi kile kile. Angeweza kudanganya, watoto hudanganywa kila siku na hulala vizuri. Hakudanganya.

"Sindano nayo sijui, Chanda. Sitakuahidi."

"Donc na weye unaogopa."

"Ninaogopa sana. Mais woga yangu haitakukata."

Chanda hakuridhika. Aliingia ndani na kufunga mlango kwa kishindo, na kapu zima Martine akalipanga peke yake. Alikuwa amekasirikiwa na mumewe, na wifi, na soko, na sasa na yule yule anayemtetea. Alicheka kidogo kwa uchungu. Kisha akanawa mikono, akavaa kikwembe cha kanisani, akapanda basi kurudi kwa daktari.

Daktari Nzanzu alimpokea akiwa amesimama, ila kadiri Martine alivyouliza ndivyo alivyokaa, na mwisho akafunga mlango. Martine alitaka kujua vile viungo vikiachwa vitafanya nini. Daktari alisema ukweli wote. Sauti itazidi kushuka, pengine ndevu zitaota. Vikikaa ndani miaka na miaka vinaweza kuota saratani. Kwa umri huu hatari ni ndogo, lakini ipo, na anayengoja lazima awe analeta mtoto apimwe kwa mashine bila kuchoka. Akasema pia kwamba vikiachwa, baadaye mtoto anaweza kusaidiwa kuishi kama mwanamume, akitaka. Na ile sindano? Mwili wenyewe umeshaanza, daktari alisema, kuuharakisha leo hakuna faida, na kijana wa miaka kumi na mitatu bado ana mengi ya kujua juu yake mwenyewe. Martine alimuuliza basi kwa nini kisu kiwe na haraka kama sindano haina. Daktari akaweka kalamu chini.

Alisema hata ng'ambo madaktari wanagombana juu ya watoto wa namna hii. Wapo wanaosema ukichelewa unamtesa mtoto, wapo wanaosema ukiharakisha unamwibia. Wengine wanataka dawa mapema, wengine wanataka mtoto asiguswe mpaka awe mtu mzima, na kila upande una watoto wake waliolia wa kuwataja. Yeye alifundishwa kwamba siri ndiyo huruma, mtoto atengenezwe kabla hajawa na maswali.

"Vikitoshwa, vinaweza kurudishwa?" Martine aliuliza.

"Apana, mama."

"Na vikiachwa leo, vinaweza kutoshwa siku ingine?"

"Vinaweza."

"Kama ingekuwa mutoto yako?"

Daktari alivaa miwani, akaivua tena. "Sijui," alisema. Martine alimshukuru, maana katika watu wote waliosema na kusema wiki ile, huyu alikuwa wa kwanza kusema hajui.

*

Jumamosi Germaine aliteremka kutoka kwenye lori la samaki, mwembamba, vumbi mpaka kwenye nyusi. Martine alikuwa akimngojea mama yake kama mtu angojavyo askari wa upande wake. Askari akaja ameshajisalimisha. Katika kifurushi alileta unga mweupe na ushanga, tayari kutoa jina. Njia nzima alikuwa akilia, akijisemea kwamba huenda ni kweli, huenda mdomo wake ndio uliomgeuza mtoto. Alimkumbatia Chanda, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hakumwita bwana yangu. Alimwita "mutoto". Chanda alijitoa mikononi mwake taratibu.

Wakakaa sebuleni, watu wa Anaclet kwenye viti, Germaine na binti yake kwenye mkeka. Jeanne alikuwa amelipa nauli ya lori, akalitaja hilo katika maneno ya kufungua kikao. Akataja na soda. Kisha akatangaza jina jipya: Précieuse.

Kutoa jina ni jambo la mara chache, na hufanywa kwa kichanga kinacholia kisichonyamaza, wazee wakisema marehemu na mtoto hawapatani. Unga unatiwa kwenye maji, mtoto anapakwa kwenye paji la uso, jina la zamani linaombwa liende kwa amani, ushanga unafungwa mkononi, na mtoto anaitwa kwa jina jipya. Akiitika, jina limeshika. Kichanga hakiwezi kuitika, basi mama yake humwitikia. Ndivyo ilivyokuwa siku zote, na hakuna mtu katika sebule ile aliyewahi kuona jina likitolewa kwa mtu mwenye meno.

Germaine alimpaka mjukuu unga. Alimwomba mumewe aende kwa amani. Alifunga ushanga.

"Précieuse," aliita.

Chanda alitazama sakafu.

"Précieuse."

Mtu mmoja alisogeza kiti. Jeanne alisema mtoto ana kichwa kigumu, ila desturi inajulikana, mama aitikie. Macho yote yakageuka kwenye mkeka. Lilikuwa jambo dogo kabisa, neno moja tu, "mie apa", na kila mtu angekunywa soda yake na kwenda zake. Martine alimtazama mumewe. Anaclet alikuwa akimsihi kwa macho, kama anavyowasihi watu wa mpakani.

"Précieuse," Germaine aliita tena, akilia.

"Mie sitaitika," Martine alisema. "Wakati alikuwa hana kinywa, nilimuitikia. Leo eko na kinywa. Aitike mwenyewe, ao mutu asiitike."

Sebule ikachafuka. Jeanne alisimama akasema karo zimekwisha, Martine atafute za kwake, na ndevu zitakapoota kwenye uso wa binti wasije kumlilia. Martine alimjibu kwamba zikiota wembe haukosekani sokoni. Anaclet alipiga meza. Alisema hapa ndani baba ni mmoja, na Jumatatu atampeleka mtoto mwenyewe, mama apende asipende. Germaine alibaki ameshika kikombe cha maji ya unga, hajui ayamwage wapi.

Wageni walipoondoka, Chanda alimwambia mama yake kwamba atatoroka. Angepanda lori na bibi mpaka Kasenga, avuke mto aingie Zambia. Martine alimfuta unga kwenye paji la uso kwa kidole gumba.

"Hatukimbie," alisema. "Tukikimbia leo, mwaka kesho bale badokta banarudia, na sie tunakimbia tena. Tutaenda kule kule. Nitaikala pembeni yako."

Jumapili, kabla ya misa, alichukua mkasi akamkata Chanda nywele fupi, kama alivyokuwa akiomba siku zote. Nywele zinaota tena, alimwambia Anaclet aliyekuwa akitazama kwa hasira, si kama kile wanachotaka kukikata kesho. Wakaenda kanisani hivyo hivyo, wakapita katikati ya viti, na wenye kugeuka wakageuka.

*

Jumatatu Anaclet alitangulia mapokezini. Alikuwa amevaa koti lake la kukutania na wakubwa wa forodha. Wakaketi kwenye benchi la ukumbi, yeye upande mmoja, Martine upande wa pili, Chanda katikati na ushanga bado mkononi. Watoto wengine walikuwa wakiitwa na kuingia, mwenye mdomo uliopasuka, mwenye mguu uliopinda, mama zao wakiwasindikiza hadi mlangoni kwa furaha. Martine hakuwaonea wivu. Aliona tu kwamba kila mmoja aliyeitwa aliitika.

Nesi alitoka, akatazama benchi.

"Précieuse."

Martine aligeuza kichwa taratibu akamtazama mumewe. Kumbe ndivyo alivyomwandikisha. Jina ambalo halikushika sebuleni, amekuja kulishikisha hospitali.

"Précieuse," nesi alirudia. "Précieuse, mutoto wa Tata Anaclet?"

Chanda alikaa. Martine alikaa. Alilisikia bega la mtoto kando ya lake, akaliegemea. Nesi, mwanamke mwenye kazi nyingi, alikuja mpaka mbele yao, akamnyooshea Anaclet kidole kwa upole.

"Tata, shi ni weye? Mutoto njo uyu? Unipe jibu, bale badokta beko banangoja."

Basi ilibaki kwake. Asingehitaji kupigana na mtu wala kumkokota mtoto. Angesema "njo yeye" na mlango ungefunguka. Anaclet alifungua kinywa. Alimtazama mtoto, zile nywele fupi na shingo nyembamba iliyojitokeza. Chanda naye aliinua uso akamtazama baba yake moja kwa moja, bila kulia na bila kuomba. Mlango wa ndani ulikuwa wazi kidogo na Daktari Nzanzu alikuwa amesimama hapo na glavu mkononi.

"Tata?" nesi aliuliza.

"Apana," Anaclet alisema. "Précieuse haiko apa. Uyu anaitwa Chanda."

Nesi alitazama karatasi, akatikisa kichwa, akaita mwingine. Daktari alikuja, akasema wamlete Chanda apimwe kila baada ya miezi michache, wasije wakasahau, hatari aliyoitaja haikwenda popote. Alimwambia Chanda mwenyewe, si wazazi, na kwa Kiswahili. Chanda alijibu kwamba amesikia.

Nje jua lilikuwa kali. Simu ya Anaclet ililia, ikawa Jeanne, akaiacha ilie mfukoni. Kwenye lango Germaine alisimama na kifurushi chake, amengoja tangu asubuhi, hajui mjukuu atarudi namna gani wala amwite nani. Chanda aliwatangulia wazazi, akavua ushanga akamwekea bibi kiganjani. Germaine aliufumbata.

"Bwana yangu," alisema, kwa woga.

"Mie apa," Chanda aliitika.

Anaclet alisimama akiwatazama, mikono mifukoni, hasira na aibu zimemjaa bado. Alimwambia mkewe asifikiri amekubali. Hajakubali kitu, hajui atawaambia nini watu wa kwao, na yakiharibika ni yeye Martine atakayeulizwa.

"Siyakuomba ukubali," Martine alisema, akijifunga kikwembe upya kiunoni. "Nilikuomba tu usiitike."